Mkurdi Anayeitwa Mturuki: Maisha ya Mzee Ahmet Türk

(Waliokosa kuja waliniomba niandike nilichosema siku ile, basi nimeandika karibu vile vile kilivyotoka mdomoni, hata pale nilipopotea.)

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama hapo mlangoni, hamjambo. Kwanza niombe radhi. Mwenyekiti alivyonipigia simu akasema tuna Siku ya Lugha Mama, njoo uongee kidogo, nadhani alitarajia mambo ya methali na kamusi, na mimi nimekuja na mzee mmoja wa huko Uturuki. Mtanivumilia. Na hii Nairobi yetu imo ndani ya hii stori, tena imo vibaya, lakini hiyo tutaifikia.

Mzee mwenyewe anaitwa Ahmet Türk. Sasa subiri hapo kwa jina kwanza. Türk kwa Kituruki maana yake ni Mturuki, basi. Na yeye ni Mkurdi, wale watu wenye lugha yao lakini hawana nchi yao, wametawanyika Uturuki, Syria, Iraq na Iran. Mkurdi wa baba na mama, wa ukoo mkubwa wa Kanco, amezaliwa mwaka 1942 Derik, mkoa wa Mardin, kusini mashariki kule karibu na mpaka wa Syria. Ni sawa na babu yako Mgiriama, enzi za mkoloni, aende kuchukua kipande halafu karani amwandike "Bwana Mwingereza", na nyinyi wajukuu wote mpaka leo muwe akina Mwingereza. Unacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1934 serikali ya Atatürk, mwanzilishi wa jamhuri ya Uturuki, ilitoa sheria kwamba kila mtu lazima awe na jina la ukoo, na liwe la Kituruki, majina ya makabila hayaruhusiwi, ya mataifa mengine hayaruhusiwi. Kulikuwa na vitabu kabisa vya orodha za majina ya kuchagua. Wakurdi wengi wakaamka asubuhi wameshakuwa Öztürk, yaani Mturuki halisi, wengine Türk tu, bila hata huo uhalisi. Huyu mzee amekuja kushtakiwa, kufungwa na kufukuzwa kazini kwa sababu ya Ukurdi wake, na kila hati ya mahakama iliyomhukumu juu imeandikwa Mturuki. Mimi nikikaa peke yangu nikifikiria hiyo kitu hucheka mwenyewe kama mwendawazimu.

Sasa nitawapeleka moja kwa moja tarehe 24 Februari 2009, Ankara, ndani ya bunge. Siku tatu tu baada ya hii siku tunayosherehekea leo. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne kwa utaratibu wao kila chama chenye kundi bungeni kinakaa kwenye ukumbi wake, kiongozi anatoa hotuba, na televisheni ya taifa, TRT, inarusha moja kwa moja. Ahmet Türk wakati huo ndo kiongozi wa chama cha DTP, chama cha Wakurdi. Miaka 66, mtu mrefu mrefu hivi, nywele nyeupe, masharubu, suti na tai, anaongea polepole kama mwalimu mkuu aliyestaafu. Anaanza kwa Kituruki kama kawaida. Anaongelea lugha, kwamba Siku ya Lugha Mama imepita juzi, kwamba Wakurdi wameteswa sana kwa sababu hawakujua lugha nyingine, na kwamba yeye alishajiahidi siku moja ataongea lugha ya mama yake mahali rasmi. Halafu akageuza. Hakupiga kelele, hakupiga meza, akaendelea tu na hotuba yake ila sasa ni Kikurdi.

TRT ikakata. Picha ikaondoka, mtangazaji akaingia kueleza kwamba kwa mujibu wa katiba na sheria ya vyama hakuna lugha nyingine inayoruhusiwa bungeni isipokuwa Kituruki, kwa hiyo matangazo yamesitishwa. Kule ukumbini wabunge wake wamesimama wanapiga makofi, yeye anaendelea, huku nyumbani watu wanatazama mtangazaji.

Na sasa mkae mkijua, chini ya miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 1 Januari 2009, hiyo hiyo TRT ilikuwa imefungua chaneli nzima ya Kikurdi, masaa 24, TRT 6, na Waziri Mkuu Erdoğan mwenyewe akaipongeza kwa maneno mawili matatu ya Kikurdi hewani na dunia ikashangilia. Kwa hiyo Kikurdi kilikuwa ruhusa. Serikali ikikiongea ni maendeleo, Mkurdi akikiongea kwenye kiti alichopigiwa kura ni kosa. Hilo ndilo nililotaka mlione mapema, manake kila kitu cha huyu mzee kinarudi hapo hapo. Wenzetu hawa shida yao haikuwa tu kunyimwa kitu, shida ilikuwa ni nani anaruhusiwa kukitoa.

Nitawaambia kwa nini hii inanigusa mimi. Shule niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na kibao. Kipande cha mbao kimetobolewa, kamba ya katani, ukisikika unaongea lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, na wewe kazi yako ni kutafuta mwenzako wa kumkamata ili umvalishe. Jioni anayekutwa nacho anachapwa. Wengi hapa mnakijua, naona mnatabasamu. Nilikivaa siku mbili mfululizo kwa sababu ya neno moja, nilijikwaa kwenye ngazi nikasema "uwi". Mpaka leo sijui "uwi" ni lugha gani. Sasa hicho kibao kifanye kiwe sheria ya nchi, halafu mahali pa mwalimu weka askari.

Manake kabla ya bunge kulikuwa na gereza. Turudi nyuma.

Ahmet Türk hakutoka kwenye njaa. Hilo lazima lisemwe, kuna watu wanapenda kuandika mashujaa wote wamelala na njaa. Ukoo wake ni wa makabaila, kule wanaitwa aga, watu wenye mashamba na vijiji, mtu mwenye neno lake watu wa ukoo wanalifuata mpaka kwenye sanduku la kura. Aliingia bungeni mara ya kwanza 1973, miaka 31, kwa chama cha kihafidhina kilichoitwa Demokratik Parti, baadaye akahamia CHP, chama cha Atatürk, chama kile kile kilicholeta sheria ya majina. Kama angeamua kukaa kimya angekuwa mbunge wa maisha, anakunywa chai yake, anapeleka barabara kwa kijiji, watoto wanasoma Ulaya. Makabaila wengi wa Kikurdi walifanya hivyo na hawakusumbuliwa na mtu. Vyama vya Uturuki siku zote vimekuwa na Wakurdi ndani, mawaziri hata, masharti ni kwamba huo Ukurdi wako usiuseme.

Tarehe 12 Septemba 1980 jeshi likapindua serikali. Bunge likavunjwa, vyama vikafungwa, na Ahmet Türk akajikuta Diyarbakır, gereza la kijeshi namba 5. Alikaa karibu miaka miwili. Mahali hapo ukimtajia Mkurdi wa umri fulani ananyamaza. Wafungwa walilazimishwa kukariri nyimbo za jeshi kwa Kituruki na kuziimba kwa sauti, ukikosea neno unapigwa, na wengine walikuwa Kituruki chenyewe hawakijui vizuri. Watu 30 na kitu walikufa mle ndani ndani ya miaka michache, kwa mateso, kwa kugoma kula, wengine walijitoa uhai kwa kujichoma moto. Lakini kitu ambacho mimi kilinikaa kichwani ni chumba cha wageni. Ukutani waliandika: Ongea Kituruki, ongea sana. Mama katoka kijijini, basi la usiku, kashika kafurushi kake, anafika, mtoto wake yuko upande wa pili wa wavu, na mama Kituruki hajui hata neno. Akitoa Kikurdi mtoto anapigwa mbele yake. Basi wanatazamana tu. Dakika zinaisha, mama anaondoka. Kuna waliokuwa wanafundishwa na majirani sentensi moja ya Kituruki, "hujambo mwanangu", wanakuja wanairudia hiyo hiyo mpaka muda uishe, mara inakuwa swali, mara inakuwa kilio.

Kwa hiyo mtu anayetoka humo ndani, akasema siku moja nitaongea Kikurdi mahali rasmi, hiyo ahadi si ya siasa. Na mwaka 1983 ikatoka sheria namba 2932 iliyopiga marufuku Kikurdi hata kuandikwa, ikadumu mpaka 1991. Halafu yeye akasubiri mpaka 2009. Hesabu mwenyewe.

Sasa mambo ya vyama nitapita haraka manake ni mengi na mtachanganyikiwa, hata mimi nilichanganyikiwa nikaandika kwa kiganja. Mwaka 1987 akarudi bungeni kwa chama cha SHP, cha mrengo wa kushoto. Oktoba 1989 yeye na wenzake sita wakaenda Paris kwenye mkutano kuhusu Wakurdi na haki za binadamu. Mkutano tu, watu wamekaa kwenye viti. Waliporudi chama kikawafukuza wote saba. Ndo ikazaliwa HEP mwaka 1990, chama cha kwanza halali kilichokuwa wazi ni cha Wakurdi. Mahakama ya Katiba ikakifunga 1993. Wakaunda DEP, ikafungwa 1994. Ikaja HADEP, ikafungwa 2003. Ikaja DTP, hiyo aliyoongoza yeye pamoja na Aysel Tuğluk, ikafungwa Desemba 2009. Unaona vile herufi zinahamahama. Kuna Mkurdi mmoja tulikuwa tunaongea naye safarini aliniambia nyumbani kwao bibi yake hakuwahi kujua jina la chama, alikuwa anauliza tu, "chetu siku hizi kinaitwaje?" halafu anakwenda kupiga kura.

Ila 1994 hatuwezi kupita haraka. Mwaka 1991 wakurdi wa HEP waliingia bungeni kwa kupitia orodha ya SHP, na kati yao alikuwemo Leyla Zana, mwanamke wa kwanza Mkurdi kuchaguliwa bunge la Uturuki. Siku ya kiapo akaapa kwa Kituruki kama inavyotakiwa, halafu mwishoni akaongeza sentensi moja ya Kikurdi, kwamba anaapa kwa ajili ya undugu wa watu wa Uturuki na Wakurdi. Undugu! Ukumbi ulilipuka kwa kelele kana kwamba ametupa bomu. Machi 1994 bunge likawaondolea kinga yeye na wenzake, Ahmet Türk akiwemo, wakakamatwa. Desemba mwaka huo wakahukumiwa, na Türk naye akapewa miaka 15. Oktoba 1995 mahakama ya rufaa ikamwachia yeye, lakini Leyla Zana na wenzake watatu wakabaki ndani mpaka Juni 2004. Miaka kumi. Kwa hiyo Ahmet Türk aliposimama 2009 akageuza lugha, hakuwa anabahatisha, bei alikuwa anaijua kwa miaka na miezi.

Na nisiwafiche upande wa pili. Agosti 1984 PKK, kundi la wapiganaji wa Kikurdi la Abdullah Öcalan, ilianza vita vya bunduki dhidi ya serikali, na mpaka sasa watu zaidi ya 40,000 wamekufa, Wakurdi wengi, na wanajeshi watoto wa watu maskini wa Kituruki, na walimu, na wanavijiji waliouawa na pande zote. Lawama kubwa inayopigwa vyama hivi vyote, na si lawama ya uongo mtupu, ni kwamba hawakuwahi kujitenga na PKK kwa sauti iliyo wazi. Magazeti ya Uturuki yalikuwa yanawagawa wanasiasa wa Kikurdi, hawa mwewe wa vita, hawa njiwa wa amani, na Ahmet Türk siku zote aliwekwa kwa njiwa. Mimi nadhani ni kweli alikuwa njiwa. Lakini njiwa aliyekataa kuwatukana mwewe wa kwao, na hiyo ndo ilikuwa inawaudhi Ankara kuliko kitu kingine. Na ukabaila wake pia, kuna vijana wa Kikurdi wa mrengo wa kushoto walikuwa hawaupendi, wanasema tumetoka kwa aga tunarudi kwa aga. Haya, nimeyasema.

Sasa Nairobi.

Februari 1999 mimi nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa na redio yake ya mkulima, ile yenye mfuko wa ngozi, jioni hakuna anayeongea mpaka taarifa ya habari iishe. Tukasikia jina Öcalan, tukasikia Nairobi, baba akaongeza sauti. Akamwuliza mama, hao Wakurdi ndo akina nani? Mama akasema mimi nitajuaje. Jiji lenyewe lilikuwa bado lina vumbi la bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 1998, bado watu wanazika kimoyomoyo, na makachero wa Kimarekani wamejaa mjini. Na mtu anayetafutwa na Uturuki kuliko wote, ametoka Syria, akazunguka Urusi, Italia, Ugiriki, kote hawamtaki, mwisho Wagiriki wakamleta kumficha hapa, kwa balozi wao. Yaani kati ya miji yote ya dunia! Alikaa chini ya wiki mbili. Tarehe 15 Februari akatolewa kwa gari kwamba anapelekwa uwanja wa ndege, na kwenye ndege iliyokuwa inamsubiri walikuwemo Waturuki. Akafungwa kitambaa machoni, akapelekwa kwao. Wakurdi Ulaya nzima wakavamia balozi za Ugiriki, mawaziri watatu wa Ugiriki wakajiuzulu. Hapa kwetu watu wa kawaida tukaendelea kuuliza, hao Wakurdi ndo akina nani. Mimi nilianza kusoma habari zao kwa ajili ya lile swali la baba, ndo maana leo niko mbele yenu.

Öcalan akawekwa kisiwa cha İmralı, kwenye bahari ya Marmara, miaka mingi akiwa mfungwa pekee kisiwani. Na wa kwanza kuvushwa kwa boti kwenda kumwona kwa ajili ya mazungumzo ya amani, tarehe 3 Januari 2013, alikuwa nani? Ahmet Türk, pamoja na mbunge mwenzake mwanamama, Ayla Akat Ata. Serikali ya Erdoğan yenyewe ndo ilitoa ruhusa. Huyu huyu waliyemvua ubunge 2009 chama kilipofungwa, yeye na Tuğluk, na wanasiasa 37 wakapigwa marufuku vyama vyote kwa miaka mitano. Huyu huyu aliyepigwa ngumi Samsun.

Ngumi, ndiyo. Aprili 2010. Amekwenda Samsun, kaskazini kabisa, bahari nyeusi, kufuatilia kesi. Anatoka mahakamani, polisi wapo, waandishi wapo, kijana mmoja akajipenyeza akamtwanga ngumi ya uso. Pua ikavunjika. Zile picha ziko, mzee wa miaka 67 ameshika leso usoni, tai imekaa vile vile sawa, damu. Miji ya Wakurdi ikawaka siku hiyo hiyo, vijana wako tayari kwa lolote. Na yeye akiwa na pua imefungwa bandeji akawaambia watulie. Mimi ningekuwa na umri wake na pua yangu imevunjika mbele ya polisi waliosimama tu, sijui ningesema nini, lakini isingekuwa hiyo.

Haya, Mardin. Hapa naomba mnipe dakika chache za raha, manake huu mji naupenda. Umejengwa juu ya mlima, nyumba za mawe ya rangi ya asali zimepandana kama ngazi, ukisimama juu ya paa unaona tambarare ya Mesopotamia inateremka mpaka Syria, usiku taa za vijiji zinafanana na meli baharini. Wakurdi wapo, Waarabu wapo, Waturuki, na Wakristo wa Kisuriani wenye monasteri za miaka zaidi ya elfu moja na mia tano. Muuza duka anabadilisha lugha tatu kwa mteja mmoja. Vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba kama vya Lamu, gari haliingii, basi manispaa inakusanya taka kwa punda. Punda wameajiriwa kabisa, na wakizeeka wanastaafishwa. Kumbukeni hao punda.

Machi 2014 Ahmet Türk akagombea umeya wa mkoa huo, kama mgombea huru anayeungwa mkono na chama cha Wakurdi, akashinda kwa asilimia 52. Na kwa utaratibu wa chama chao kila kiti wanakaa wawili, mwanamume na mwanamke, yeye akakaa na Februniye Akyol, binti Msuriani, Mkristo, wa miaka 25 hivi. Kabaila Mwislamu wa Kikurdi wa miaka 71 na msichana wa watu ambao babu za Wakurdi walishiriki kuwaua mwaka 1915. Na hili mzee hakulikwepa. Mwaka huo huo alisema waziwazi kwamba Wakurdi walishiriki mauaji ya Waarmenia na Wasuriani, kwamba mikono ya babu zao ina damu, na akaomba msamaha. Mwanasiasa gani mnayemjua nyinyi aliyeomba msamaha kwa dhambi ya kabila lake, si ya kabila la jirani?

Haikudumu. Mazungumzo ya amani yakavunjika 2015, Julai 2016 likaja jaribio la mapinduzi, na Septemba ikatoka amri ya dharura kwamba wizara ya ndani inaweza kumwondoa meya na kuweka mtu wake. Wanamwita kayyum. Hilo neno zamani ni la mtu anayesimamia mali ya asiyejiweza, kama yatima au mgonjwa wa akili, na nadhani wapiga kura wa Mardin walielewa wanaitwa nini. Halmashauri zaidi ya 90 za Wakurdi zikachukuliwa. Ahmet Türk akaondolewa Novemba 2016, akatupwa ndani, miaka 74, moyo unasumbua, wakamtoa Februari 2017 kwa sababu ya afya.

Machi 2019 akagombea tena. Nani angemlaumu angekaa nyumbani? Akashinda, asilimia 56. Agosti 19 mwaka huo huo, hata miezi mitano haijaisha, akaondolewa, siku moja na mameya wa Diyarbakır na Van.

Machi 2024 akagombea tena, miaka 81. Asilimia 57! Yaani kila akifukuzwa anarudi na kura zimeongezeka. Mei wakamhukumu miaka kumi kwenye kesi kubwa ya maandamano ya 2014 kuhusu Kobani, mji wa Wakurdi huko Syria uliokuwa umezingirwa na ISIS, kesi ile iliyompa Selahattin Demirtaş, kiongozi wa zamani wa chama cha Wakurdi, miaka 42, na rufaa ikiwa bado haijaisha, tarehe 4 Novemba 2024 wakamwondoa mara ya tatu. Gavana wa mkoa akakaa kwenye kiti. Mara tatu watu wamempa, mara tatu serikali imemnyang'anya, na wale punda wa taka miaka yote hiyo wameendelea na kazi yao, hao hakuna aliyewafukuza.

Sasa angalieni tarehe, manake hapa ndipo siasa ya Uturuki inapokuwa kama sinema. Devlet Bahçeli ni kiongozi wa wazalendo wakali wa Kituruki, MHP, mtu ambaye kwa miaka alitaka Öcalan anyongwe. Mwaka 2007, Wakurdi waliporudi bungeni kama wagombea huru wakafikisha wale 20 wa kuunda kundi, Bahçeli na Ahmet Türk walipeana mikono ukumbini na magazeti yakaandika hiyo mikono wiki nzima. Oktoba 1, 2024, Bahçeli huyo huyo akawafuata wabunge wa Kikurdi kwenye viti vyao akawapa mkono. Oktoba 22 akasema Öcalan aje aongee bungeni atangaze mwisho wa PKK. Watu hawakuamini masikio yao. Halafu siku 13 baadaye wakamfukuza Ahmet Türk Mardin. Mkono huu unakusalimia, mkono ule unakutoa kwenye kiti. Na Januari 2, 2025, ujumbe wa Wakurdi uliporuhusiwa kwenda kuongea na vyama Ankara, aliyeketi mbele ya Bahçeli pamoja na Sırrı Süreyya Önder na Pervin Buldan alikuwa meya aliyefukuzwa, mzee Türk. Mimi nisingekwenda, nawaambia ukweli. Yeye alikwenda.

Tarehe 27 Februari 2025, Februari tena, wakavuka kwa boti kwenda İmralı, wakarudi Istanbul na karatasi. Hoteli, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa chini, kamera kila kona. Barua ya Öcalan, ikiitaka PKK iweke silaha chini na ijivunje. Mei mwaka huo PKK ilitangaza kweli kwamba imejivunja. Lakini siku ile ilikuwa ni kusomwa tu. Pervin Buldan aliisoma kwa Kituruki, na kwa Kikurdi ikasomwa na Ahmet Türk, miaka 82, miwani puani, karatasi mkononi, sauti ile ile ya mwalimu mkuu. Maneno ya mtu aliyekamatwa hapa Nairobi, yanasomwa kwa lugha iliyokatwa hewani 2009, na mtu anayeitwa Mturuki, ambaye wiki hiyo ofisini kwake Mardin alikuwa amekaa gavana.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mwenye swali anyooshe mkono, na aulize kwa lugha yoyote ya mama yake, kibao nimekiacha nyumbani.